Mlango wa bwawa ukivunjika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakazi wa bondeni

Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2024, mnyororo ulioshikilia mlango namba 19 wa Bwawa la Tungabhadra, kusini mwa India, ulikatika. Mlango wenyewe, upana wake futi 60 na kimo chake futi 20, ukasombwa na maji. Ziwa lilikuwa limejaa pomoni. Kwa juma zima wahandisi, wakulima na watu wa kingoni walihangaika na swali moja: tuongeze maji mtoni au tuyazuie?

Majibu haya yametokana zaidi na juma lile, na matukio mengine machache yanayofanana nalo. Nimeyaandika kwa sababu kwetu pia kuna mabwawa yenye milango ya chuma, na chini yake kuna watu wanaolima, wanaovua na wanaolaza watoto mita chache kutoka ukingoni. Ninayoyasema hapa ningependa yajulikane kabla ya masika, maana usiku wa tukio hakuna mwenye muda wa kusoma.

Mlango ukivunjika, ina maana bwawa limebomoka?

Hapana. Watu wengi wanakimbia, au wanakataa kukimbia, kwa kutojua tofauti hii.

Ukuta wa bwawa ni kitu kimoja, milango ni kitu kingine. Kwenye mabwawa mengi makubwa, milango (wengine huita mageti) imekaa juu ya sehemu ya ukuta iliyoachwa chini kidogo kuliko pande zake, panapoitwa utoro wa maji. Kizingiti cha utoro ni zege. Mlango ukiondoka, yanayotoka ni maji yaliyo juu ya kizingiti tu; yaliyo chini yake yanabaki yameshikwa na ukuta.

Pale Tungabhadra, ziwa likijaa husimama futi 1,633 juu ya usawa wa bahari, na kizingiti kipo futi 1,613. Tofauti ni futi 20, yaani kimo cha mlango. Usidanganyike na udogo wa namba hiyo. Ziwa la bwawa ni kama sinia: kwa juu limetanuka, kwa chini limebana. Wahandisi walipiga hesabu kwamba ili kizingiti kionekane kikavu ingebidi yatoke maji ya futi za ujazo bilioni 60 hivi, katika bilioni 105 zilizokuwemo. Hizo 60 ni kama mita za ujazo bilioni 1.7. Bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, likijaa lote, lina takriban bilioni 1.56.

Kwa hiyo bwawa halijabomoka, lakini maji yanayoweza kukushukia ni mengi kuliko Masinga nzima. Kinachobaki kuamuliwa ni yashuke kwa siku ngapi.

Mlango mmoja unamwaga maji kiasi gani?

Siku zile maafisa wa Karnataka, jimbo lilipo bwawa hilo, walitaja futi za ujazo 35,000 kwa sekunde kupitia pengo lile moja, karibu mita za ujazo 990. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Fikiria malori 99 ya tani kumi, yote yanamwaga kwa pamoja, kila sekunde, usiku kucha.

California nako, tarehe 17 Julai 1995, mlango namba 3 wa Bwawa la Folsom uliachia ghafla asubuhi wakati opareta anaufungua. Zilitoka futi za ujazo kama 40,000 kwa sekunde, na ziwa likapoteza karibu asilimia 40 ya maji yake kabla hali haijadhibitiwa. Hakuna aliyekufa. Mto American unaopita Sacramento una makingo yaliyojengwa kubeba hadi futi za ujazo 115,000, hivyo wimbi lile lilikaa ndani ya mto. Hatari ilikuwa kwa waliokuwa mtoni na kingoni asubuhi ile ya kiangazi: wavuvi, waogeleaji, wenye mitumbwi.

Kwa hiyo ukisikia namba ya maji yanayotoka, uliza na namba ya pili: mto wetu unabeba kiasi gani kabla haujavuka kingo? Bila hiyo, namba ya kwanza haikuambii kama uhame au ulale.

Mlango umeshavunjika, maji yanatoka yenyewe. Kwa nini tena wafungue na milango mizima? Si wanatuongezea mafuriko?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na lina haki ya hasira. Ukiwa bondeni unaona maji yamepanda kwa ajali, halafu unasikia wenye bwawa wameongeza mengine kwa makusudi. Ndivyo ilivyokuwa Tungabhadra: milango mingine ilifunguliwa, na jumla ya maji yaliyoachiwa ikafika karibu futi za ujazo 100,000 kwa sekunde, kama mita za ujazo 2,800.

Sababu ya kwanza ni ile milango mingine. Bwawa lina milango 33 ya umri mmoja, miaka kama 70, na minyororo yake ilifanya kazi ileile kwenye maji yaleyale. Mmoja ukikatika, huwezi tena kuapa kwamba wa 18 na wa 20 ni wazima. Msukumo wa maji kwenye mlango hukua upesi kuliko kina: kina kikiwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Ukishusha ziwa kwa nusu ya kimo cha mlango, kila mlango uliobaki unabeba robo tu ya mzigo wa awali. Wanaotukana uamuzi huo wangepaswa kwanza kuiangalia hesabu hii.

Sababu ya pili ni fundi. Mtu hawezi kuzamisha chuma kwenye pengo ambalo maji yanapita kwa kimo cha futi 20 yakinguruma. Kina juu ya kizingiti kikishuka hadi nusu, maji yanayopita pengoni yanapungua hadi karibu theluthi. Hapo kazi inaanza kufikirika.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: mvua za mbele. Tuseme pengo linatoa mita za ujazo 900 kwa sekunde, na mito inaleta 600. Ziwa linashuka polepole. Mvua ikinyesha milimani na mito ikaleta 900, ziwa halishuki hata kidole. Ikileta 1,500, ziwa linapanda huku mlango umevunjika, na hapo mwenye bwawa hana tena cha kuchagua. Yanayoachiwa leo mchana, kwa tangazo, kwa kiwango kinachopandishwa hatua kwa hatua, yanachukua nafasi ya yale ambayo yangekuja keshokutwa usiku bila kumuuliza mtu.

Ila uamuzi huo una masharti, na hapo ndipo wakazi wanapaswa kubana. Maji yapandishwe kwa ngazi, siyo kwa mkupuo. Kila ngazi itangazwe kabla. Jumla isivuke uwezo wa mto bondeni isipokuwa pale ambapo ukuta wenyewe uko hatarini, na ikifika hapo watu waambiwe waziwazi kwamba imefika hapo. Na kama bwawa ni tuta la udongo, lisishushwe mbio, kwa sababu udongo ulionyonya maji hubaki mzito na laini, na upande wa ndani wa tuta unaweza kuporomoka maji yanapolikimbia.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye picha za mafuriko. Maji ya Tungabhadra yanagawanywa kwa wakulima wa majimbo matatu: Karnataka, Andhra Pradesh na Telangana. Kila saa ya kumwaga ilikuwa inakula msimu wao wa pili. Waliokaa chumba cha uamuzi walikuwa na mkulima wa juu anayelia maji yasipotee na mvuvi wa chini anayelia maji yasije, na wote wawili wana haki.

Kwa nini wasizibe pengo palepale?

Kwa sababu kwa kawaida hakuna kizibo kinachosubiri stoo. Mabwawa yaliyopangwa vizuri huwa na vipande virefu vya chuma vinavyoshushwa kimoja juu ya kingine kwenye mifereji iliyochongwa ukutani mbele ya mlango, kama mtu anayepanga mbao mlangoni kuzuia kuku. Vipande hivyo huwezesha kutengeneza mlango huku ziwa limejaa. Mabwawa ya zamani mara nyingi hayana, au yanavyo lakini mifereji yake imejaa kutu na matope.

Pale India, mhandisi mkongwe wa milango ya mabwawa, Kannaiah Naidu, aliitwa atoke kwenye ustaafu. Shauri lake lilikuwa kutosubiri ziwa lishuke hadi kizingiti. Viwanda vya jirani vikatengeneza kizibo cha muda cha vipande vitano, na kreni zikakishusha huku maji bado yanapita chini yake. Kipande cha kwanza kilikaa tarehe 16 Agosti, na siku iliyofuata pengo likafungwa. Sehemu kubwa ya maji ya msimu ikaokolewa.

Ilikuwa siku saba. Naomba wakazi wa bondeni wazishike hizo siku saba vichwani. Penye karakana jirani, kreni, na mtu aliyeijua kazi hiyo miaka mingi, bado ilichukua juma. Ukiambiwa "mafundi wako kazini, litaisha kesho", panga mambo yako kwa wiki mbili.

Milango hii inavunjika kwa nini?

Mara nyingi kwa jambo dogo lililoachwa muda mrefu. Tungabhadra ilikuwa pete ya mnyororo. Folsom ilikuwa msuguano: ule mlango ni wa umbo la tao, umeshikwa na mikono ya chuma inayozunguka kwenye pini kubwa, kama bawaba. Kutu iliingia kwenye pini, msuguano ukaongezeka mwaka hadi mwaka, na kila ulipoinuliwa, mikono ilipindwa kwa nguvu ambayo waliouchora miaka ya nyuma hawakuiweka kwenye hesabu. Siku moja kiungo kimoja kikaachia, na vingine vikafuata kwa sekunde.

Niliwahi kutembelea bwawa dogo la umwagiliaji, silitaji, ambalo wenyewe waliniambia mlango wake "uko vizuri". Kwa mbali ulipendeza, rangi ya kijani, mpya. Nilipoinama nikaona rangi imepakwa juu ya meno ya skrubu ya kuinulia, ikayaziba kabisa. Grisi ya chini yake ilikuwa imekauka, ukiigusa inamomonyoka kama ukoko wa ugali. Usukani ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao mtu aliyesafiri msibani. Kilomita mbili chini ya hapo kulikuwa na shule.

Bwawa la Kariba, kwenye Mto Zambezi, linaonyesha sura nyingine ya uzee. Zege lake limekuwa likivimba taratibu tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya mgongano wa kikemikali kati ya saruji na kokoto, na uvimbe huo unapindisha mifereji ambamo milango inateleza. Chuma ni kizima ila nafasi yake imebadilika, na ndiyo maana milango ya Kariba imo kwenye mradi mkubwa wa ukarabati ulioanza muongo uliopita.

Na mlango ukigoma kufunguka?

Hiyo ni mbaya zaidi, na watu hawaifikirii. Mlango uliong'oka unamwaga maji mengi, lakini yana kikomo. Mlango uliokwama wakati wa mafuriko unaweza kuangusha bwawa lote, kwa sababu maji yanapanda mpaka yanapita juu ya tuta, na tuta la udongo halivumilii kupitiwa juu.

Huko Hispania, Oktoba 1982, umeme ulikatika wakati wa dhoruba na milango ya Bwawa la Tous haikuweza kuinuliwa. Jenereta nazo hazikusaidia. Maji yakapita juu na bwawa likaenda. Jimbo la Gujarat, India, Agosti 1979, baadhi ya milango ya Bwawa la Machhu-II haikufunguka. Tuta likavunjika na mji wa Morbi ukapoteza maelfu ya watu. Nchini Norway, Agosti 2023, milango ya bwawa la Braskereidfoss kwenye Mto Glomma haikufunguka wakati wa mvua kubwa, na sehemu ya bwawa ikamegwa na maji. Hiyo ni Norway, nchi isiyokosa umeme wala mafundi.

Kwa hiyo ukisikia milango ya bwawa lako inafanyiwa majaribio ya kufunguliwa kabla ya msimu, na mto umejaa kidogo siku mbili, usilalamike. Hilo jaribio ni lako.

Mvua hainyeshi huku kwetu. Kwa nini niambiwe nihame?

Folsom ilikuwa Julai, jua kali, hakuna wingu. Mlango haungoji mawingu.

Maji yatafika kwetu baada ya muda gani?

Kwenye mto wa tambarare, mbele ya wimbi la mafuriko husafiri kwa kasi ya mtu anayetembea hadi anayekimbia, tuseme kilomita 4 hadi 10 kwa saa. Kwenye korongo lenye mteremko ni zaidi. Kijiji kilicho kilomita 15 chini ya bwawa kinaweza kuwa na saa mbili au tatu. Mji ulio kilomita 200 unaweza kuwa na siku nzima au zaidi, ila hapo hatari inabadilika sura: maji yanachelewa kufika, yanatanda, na yanachelewa kuondoka.

Kadirio la kitabuni lisikutoshe. Wazee wa kingoni wanajua. Waulize: yale mafuriko ya mwaka fulani, bwawa lilipofunguliwa asubuhi, maji yalifika penye mwembe ule saa ngapi? Andika ukutani. Saa hizo ndizo mali pekee mliyo nayo usiku wa tukio, na kila saa anayochelewa mtu wa kutangaza inatoka kwenye akiba yenu, haitoki kwake.

Tangazo zuri linasemaje?

Nimesikia matangazo ya aina hii: "Wananchi wote waishio kandokando ya mto wanatakiwa kuchukua tahadhari." Tahadhari gani? Lini? Anayeishi mita 300 yumo kwenye "kandokando" au hayumo? Tangazo kama hilo linamlinda aliyelitoa.

Linganisha na hili: "Mlango mmoja wa bwawa umeharibika leo saa 4 asubuhi. Ukuta ni mzima. Saa 10 alasiri tutaongeza maji kutoka mita za ujazo 300 hadi 800 kwa sekunde, na saa 2 usiku hadi 1,200. Darajani maji yatapanda kwa kimo cha mtu mzima, kuanzia saa 1 usiku. Wote walio kati ya mto na barabara ya lami wahamie shule ya msingi kabla ya saa 11 jioni. Wahamishe mifugo kwanza. Tangazo lingine litatolewa saa 12 jioni, hata kama hakuna jipya."

Sentensi ya mwisho ina uzito wake. Watu wakijua saa ya habari inayofuata, hawaijazi nafasi hiyo kwa uvumi. Rufiji na Kibiti zilipofurika Aprili 2024, maneno ya nani kafungua nini yalienea haraka kuliko takwimu zozote, na hayakuwasaidia waliokuwa juu ya paa.

Tangazo lipite kila njia: redio ya jamii, ujumbe wa simu, spika za msikiti, kengele ya kanisa, pikipiki yenye kipaza sauti, mbiu ya mgambo. Asiye na simu na asiyesikia vizuri ana mtu wa kumgongea mlango, na mtu huyo apangwe kwa jina kabla ya masika.

Nimepata taarifa usiku. Nifanye nini kwanza?

Panda. Usiende mbali ukifuata bonde. Nenda juu, hata kama ni mita 500 tu kutoka nyumbani. Usikimbie sambamba na mto kwa sababu tu ndiko iliko barabara.

Beba dawa za mgonjwa, vitambulisho, simu iliyochajiwa, maji ya kunywa ya siku moja, kanga au blanketi. Zima umeme kwenye swichi kuu kama unaifikia ukiwa mkavu. Wafungulie ng'ombe na mbuzi kamba. Mnyama aliyefunguliwa hujitafutia mwinuko, aliyefungwa hafi peke yake, maana mwenyewe atarudi kumfuata.

Usivuke maji yanayokwenda kasi. Yakiwa sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima; sentimita 30 zinasukuma gari dogo, na 60 zinabeba magari mengi. Boda boda ndiyo usiseme. Usiku huoni kama barabara iliyo chini ya maji bado ipo.

Tanzania, Zimamoto na Uokoaji ni 114 na polisi 112. Kenya piga 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199.

Sisi tunalima bondeni kwa sababu ya mafuriko. Mnatuambia tuondoke kabisa?

Sikuambii hivyo. Mtu wa Rufiji anayepanda mlau maji yanapopungua, na anayelinda shamba akiwa juu ya dungu, alijua kuishi na mto kabla ya bwawa lolote kujengwa. Mto wa zamani ulipanda kwa kalenda yake, na dungu lilijengwa kwa kimo kilichofundishwa na mababu.

Bwawa limevuruga kalenda hiyo. Miaka mingi ya maji kidogo inawafanya watu washuke karibu zaidi na mto, wajenge kwa tofali walipokuwa wanaweka kibanda cha muda, na watoto wakue bila kuona mafuriko makubwa hata mara moja. Kisha mlango unavunjika na mto unarudi kwenye mipaka yake ya zamani. Lima bondeni, lakini lala juu. Mbegu, cherehani na daftari za watoto vikae kwenye nyumba ya mwinukoni. Na wenye bwawa wakiachia kidogo kila mwaka kwa makusudi, mlau unapata rutuba yake na watu hawaisahau njia ya maji.

Maji yakishuka, tumepona?

Bado. Kingo zilizoloana huanguka maji yanapoondoka, wakati mwingine na mtu aliyesimama juu yake akitazama. Viboko na mamba hubaki kwenye madimbwi ya mashambani. Visima vimeingiwa na maji ya vyoo, kwa hiyo chemsha au weka dawa mpaka vipimwe. Na kumbuka zile siku saba: pengo likiwa wazi, kushuka kwa leo kunaweza kuwa mapumziko kati ya maachio mawili. Usirudishe kitanda mpaka utangaziwe kwamba pengo limezibwa.

Baada ya hapo bwawa linakuwa kama mtu aliyetoka hospitali. Kamati ya wataalamu ilishauri milango yote 33 ya Tungabhadra ibadilishwe, na msimu wa 2025 ziwa likazuiwa lisivuke futi za ujazo bilioni 80. Wenye mashamba walilia, kwa sababu ni maji pungufu. Kwa watu wa bondeni ina maana nyingine: ziwa linalokatazwa kujaa humwaga mapema na mara nyingi zaidi msimu wa mvua. Ombeni ratiba mpya ya maachio, ya zamani haifai tena.

Nani wa kuuliza, na nimuulize nini?

Tanzania, bodi ya maji ya bonde lenu ndiyo mlango wa kwanza; usalama wa mabwawa uko chini ya Wizara ya Maji, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Mwenye bwawa la umeme ni TANESCO. Kenya, nendeni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kwa mabwawa ya Tana, KenGen. Msiyasahau mabwawa ya watu binafsi. Lile la Solai, Nakuru, lililopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40, lilikuwa bwawa la shamba.

Nendeni kama kijiji, mkiwa na muhtasari wa mkutano, na msikubali jibu la mdomo. Ulizeni: kila mlango ulifunguliwa lini mara ya mwisho mpaka juu, siyo sentimita kumi za kujionyesha? Umeme ukikatika unafunguliwa kwa kifaa gani, na jenereta iliwashwa lini mara ya mwisho? Vipande vya kuzibia vipo, na mifereji yake imesafishwa? Kuna ramani inayoonyesha maji yatafika wapi mlango mmoja ukiondoka, na wapi ukuta ukiondoka, na je, nakala iko ofisi ya mtendaji wetu? Nani anatupigia simu usiku, na yeye asipopokea ni nani wa pili?

Kisha ombeni mpelekwe mkaone. Mkifika, mwombeni mlinzi awaonyeshe ufunguo wa kufuli.